Sekunde Nne za Kamera ya Tatu

4 Februari 2008

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lori la kituo chenu cha pampu lisiikalie kama lilivyoikalia ile ya mwaka jana, uliyosema ilikufikia imeliwa kona na panya. Huku tunaendelea kusukuma siku. Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike. Bado hajafungua macho sawasawa lakini sauti yake ni ya king'ora, nyumba nzima tunaamka anapotaka yeye. Mama anasumbuliwa na goti. Ngazi za hapa anazipanda moja moja, akisimama kila ya tatu na kujifanya anaangalia nje. Hospitali hataki kwenda, anasema goti ni lake na watajuana wenyewe.

Nilimwambia nakuandikia. Akaendelea kukunja nguo. Lakini hakunikataza.

Sasa, Mjomba, nina shida ya kikazi. Nilikueleza kwamba nipo ofisini kwenye kiwanda cha kusaga plastiki, na mtu wa kompyuta ni mimi peke yangu. Magunia ya chembe za plastiki yanapotea stoo kama yameota miguu. Mkurugenzi ameamua ziwekwe kamera nane, zote ziingie kwenye kompyuta moja, nami nimepewa kazi ya kutafuta kadi ya kuzipokea picha. Kompyuta yenyewe inatumia mfumo wa Linux, si Windows. Aliyenitangulia aliiweka hivyo, nami nimeizoea, haisumbui. Dukani nimeonyeshwa kadi mbili. Ya kwanza ina mkia wa nyaya nane na muuzaji anaisifu sana. Ya pili ni ndefu, inajaza nafasi yote, na muuzaji anasema ni ya watu wenye makuu. Zote zimeandikwa "kamera nane". Tofauti siioni.

Zamani ulikuwa fundi wa kamera mpaka watu wakakuita Jicho. Nimuulize nani mwingine? Nisaidie, na ukiweza fanya haraka, Mkurugenzi si mtu wa subira.

Mpwa wako

*

1 Machi 2008

Bibi Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imekaa siku kumi na nne kwenye lori, lakini safari hii panya wameiheshimu. Mwambie mdogo wako hongera, na huyo king'ora mbusu paji la uso kwa niaba yangu. Kuhusu goti, mwambie dada yangu akandwe kwa maji ya moto asubuhi, kabla hajatoka kitandani. Usimwambie kama nimesema mimi.

Mimi ni mzima. Pampu ni mbili, jenereta moja, mwenzangu wa zamu anakoroma kuliko jenereta. Kazi yangu ni kusoma mishale ya presha na kuandika kwenye daftari. Mshale ukipanda naandika, ukishuka naandika. Imenitosha.

Sasa sikiliza, na hili lichukue kama amri. Kamera haina maana bila chipu iliyoko kwenye kadi. Chipu ndiyo inayoipokea picha na kuigeuza iwe kitu ambacho kompyuta inakielewa. Kadi yenye chipu moja na nyaya nane ni kama mlinzi mmoja aliyepewa milango minane. Atakimbia huku na huku, na akiwa kwenye mlango wa pili, mlango wa saba hauna mtu. Muuzaji atakwambia kamera nane zinaona. Mwongo. Inaona moja, saba zinasubiri zamu. Chipu moja inaweza kunasa picha ishirini na tano kwa sekunde ikiwa na kamera moja. Ukiipa nane, ikihama kamera hadi kamera huku ikipepesuka na kutafuta mawimbi upya, kila kamera itabahatika kupata picha moja au mbili, na siku nyingine haipati hata hiyo.

Kwa hiyo boksi usilisome, boksi ni nguo tu. Ishike kadi mkononi, uhesabu vile vipande vyeusi vya mraba vinavyofanana. Viwe vinane. Kisha soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa kimoja, utafute kama Linux ina draiva, yaani programu ya kuiendesha chipu hiyo. Diski watakayokupa itakuwa ya Windows, waachie wenyewe. Kama unaweza, beba kompyuta yako mpaka dukani, kadi ichomekwe pale pale mbele yako. Kompyuta ikitambua vifaa vinane vya video, umepata. Ikitambua kimoja, aga uondoke. Na uiwekee feni, maana chipu nane zina joto.

Jambo la mwisho. Popote penye mashine, swichi iwe katikati ya picha, isiwe pembeni.

Wasalimie wote.

Mjomba wako

*

19 Machi 2008

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto amefungua macho, tena anakodoa kama mkaguzi. Mama nilimkanda goti, akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema nimesoma mahali. Akaniangalia sana. Jioni akasema, "Aliyeandika hapo mahali anajua kwamba maji yasiwe ya kuunguza?" Basi nikajua amejua.

Nilibeba kompyuta mpaka dukani kama ulivyoagiza, mgongoni kama mtoto. Ile ya mkia wa nyaya, nilihesabu: chipu moja. Ile ndefu: nane. Nikamwambia muuzaji, "Hii inaona kamera moja moja kwa zamu." Akacheka, akasema, "Dada, nauza hizi miaka minne, wewe ndiye wa kwanza kunihesabia." Tulipoichomeka ndefu, kompyuta ikavitambua vifaa vinane bila hata kunung'unika. Nilirudi ofisini nikiwa na furaha.

Mkurugenzi hakuwa na furaha. "Mwizi wa gunia la kilo hamsini hakimbii," alisema. "Picha moja kwa sekunde inamtosha. Chukua ile ya kawaida." Nikamweleza habari ya mlinzi na milango minane. Akasema nipunguze hadithi. Kesho natakiwa nikainunue. Je, kweli ina tofauti kubwa hivyo kwa mambo ya magunia? Na kwa nini unanitajia swichi wakati mimi nimekuuliza habari za stoo?

Kuna jingine. Mtunza stoo wetu zamani alifanya kazi kule kiwanda cha matofali, alikofia baba. Aliponiona nachora mahali pa kuweka kamera akasema, "Hii kazi iko kwenye damu. Kule kwetu aliziweka mjomba wako." Sikujua, Mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na tano, hakuna aliyeniambia chochote isipokuwa kwamba baba aliingia kwenye kinu cha udongo bila kuzima mashine. Nilimuuliza Mama. Akasema, "Mjomba wako aliulizwa alichoona, akasema. Basi." Akaingia chumbani.

Uliona nini?

Mpwa wako

*

22 Aprili 2008

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mtoto anaona.

Kadi ya chipu moja usiikubali. Kama umeshainunua, irudishe dukani. Kwenye kifurushi hiki kuna kadi ya chipu nane. Nimekuwa nayo kwa miaka saba, haijawahi kuchomekwa popote. Imefungwa kwenye fulana yangu safi. Chipu zake ni za familia ile ile uliyoiona dukani, Linux itaijua. Mwambie Mkurugenzi imetoka kwa jamaa yako, haimgharimu kitu. Hatakuwa na la kusema.

Swali lako lingine nimelisoma.

Mjomba wako

*

20 Mei 2008

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Mama anatembea vizuri zaidi. Kwa leo habari za nyumbani ziishie hapo.

Kadi ilifika. Niliichomeka, nikaiwekea feni, na kamera zote nane zikaja kwenye kioo, laini kama maji. Hata Mkurugenzi alisimama nyuma yangu akasema, "Kumbe." Sita zilikuwa za stoo na geti. Mbili nilizielekeza kwenye vinu, swichi katikati ya picha. Msimamizi wa zamu aliniuliza, "Kinu kinaibwa?" Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Jumanne ya juzi, saa mbili asubuhi, kinu cha pili kiliziba. Kuna kijana wa watu tunamwita Mrefu, ana mke na watoto wawili. Yeye ndiye hutumwa kuzibua kwa sababu mkono wake unafika mbali. Alizima mashine, akapanda, akaingiza mkono mpaka begani. Mashine ikawaka. Mjomba, mimi nilikuwa ofisini, ukuta mmoja tu unatutenga, na nilidhani ni mkanda umekatika. Ndipo nikasikia watu wakikimbia, lakini walikuwa wanakimbia kutoka kule, si kwenda.

Hakufa. Mkono umekatwa wote.

Mchana Msimamizi alishaandika taarifa: mfanyakazi alipanda kinuni bila kuzima mashine. Maneno yale yale, Mjomba. Nilisoma karatasi ile mara mbili, kwa sababu nilishawahi kuyasikia nikiwa na miaka kumi na tano.

Nikafungua picha za asubuhi. Zipo zote, ishirini na tano kwa kila sekunde. Mrefu anazima swichi. Anaisukuma mara ya pili kuhakikisha. Anapanda. Msimamizi anakuja akiongea na simu, hageuzi hata shingo, ananyoosha mkono, anawasha, anapita zake. Tangu anyooshe mkono hadi atoke kwenye picha ni sekunde tatu na kitu. Nimezihesabu mara nyingi.

Nilimwonyesha Mkurugenzi. Aliitazama mara moja, akafunga mlango.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe."

"Ifute."

"Mrefu je?"

"Mrefu atasaidiwa kibinadamu. Kiwanda kikifungwa, watu sitini watakula nini? Ifute, halafu tuendelee na kazi. Wewe ni mtu mwenye akili."

Niliifuta mbele yake. Hakujua kwamba nilikuwa nimeshaitolea nakala kwenye diski mbili. Moja ipo chini ya godoro la mtoto, maana hakuna anayethubutu kumwamsha.

Sijui la kufanya. Mkaguzi wa viwanda anakuja mwezi ujao. Nikimpa, kazi sina. Nisipompa, nitakuwa nampita mke wa Mrefu getini kila siku, maana anakuja na kukaa pale.

Lakini kabla hujanishauri nijibu kwanza. Usinitumie kifurushi kingine. Kamera zako zilimwona nani akiwasha kile kinu?

Mpwa wako

*

10 Juni 2008

Mpwa wangu,

Diski mpe mkaguzi. Usisubiri mwezi ujao, mpelekee ofisini kwake, na umwombe akuandikie kwamba amepokea. Ushauri wangu ndio huo. Sasa nakujibu.

Hazikumwona mtu.

Kule kiwanda cha matofali niliweka kamera nne kwenye kadi ya chipu moja. Nilijua tofauti. Kadi ya chipu nyingi ilikuwepo lakini ilibidi kuagizwa na kusubiri wiki tano, na mimi nilikuwa nimeahidi kumaliza Ijumaa. Niliitwa Jicho, nilipenda kuitwa hivyo, na sikutaka kusikia mtu akisema Jicho amechelewa. Tena, ili diski isijae mapema, nikazipunguza zaidi. Kila kamera ikawa inapata picha moja kila baada ya sekunde nne.

Siku ile baba yako anaonekana kwenye kamera ya pili amesimama kando ya kinu ameshika kikwangulio. Picha inayofuata, mwili wake nusu uko ndani, na kinu kimesimama. Picha inayofuata sitakuandikia. Kamera ya tatu ndiyo iliyokuwa ikitazama swichi, kwa pembeni. Picha moja, hakuna mtu. Sekunde nne. Picha nyingine, hakuna mtu.

Kwenye kikao cha uchunguzi waliniita. Meneja alikaa mbele yangu. Mama yako alikaa nyuma, karibu na dirisha, na wewe ulikuwa umeachwa nyumbani. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, kamera zako zinaona wakati wote?"

Nikasema, "Zinaona wakati wote."

"Na hakuna aliyeigusa swichi?"

"Hakuna aliyeonekana."

"Kwa hiyo kinu kilikuwa hakijazimwa, kilikwama tu, kikajikwamua."

Nikanyamaza. Wakaandika. Kalamu niliisikia ikikwaruza karatasi, na nilikuwa na nafasi ya kusema, "Mwenyekiti, kati ya picha na picha kuna sekunde nne ambazo sizijui." Ni maneno machache. Hayakutoka. Niliionea aibu kazi yangu kuliko nilivyomwonea huruma dada yangu.

Sitakudanganya sasa nikikwambia kuna mtu aliwasha. Sijui. Huenda alikuwepo, huenda hakuwepo. Ninachojua ni kwamba sikujua, nikasema najua. Kwa neno langu shemeji yangu akazikwa akiitwa mzembe, na kiwanda kikaosha mikono.

Mwaka uliofuata nilinunua ile kadi ya chipu nane, nikawapelekea, nikasema nawawekea bure. Walinijibu kwamba zilizopo zinatosha, wala hazijawahi kulalamikiwa. Nikatafuta kazi ambayo haina kamera. Ndiyo hii.

Barua hii mpe mama yako. Nilitaka kumwandikia mwenyewe, nimechana karatasi nyingi. Miaka yote hii nimejua ananikwepa kwa sababu amejua. Akikuuliza neno lolote, mjibu kama lilivyoandikwa, usinipunguzie.

Mjomba wako

*

15 Julai 2008

Mjomba,

Mama hakuwa anajua.

Nianze na hilo maana ndilo lililonishinda kukuandikia mapema. Alikuwa anakuamini. Alikukwepa kwa sababu aliamini ulisema kweli, na ukweli ule ulikuwa mzito mno kuusikia kutoka mdomoni mwa mdogo wake. Nilimpa barua yako Jumamosi, baada ya kufua. Aliisoma akiwa amesimama. Akairudia akiwa amekaa. Kisha akanirudishia, akasema, "Nisomee hapo kwenye sekunde." Nikamsomea. Akasema, "Tena." Nikamsomea tena.

Halafu akasema, "Mimi nimemnunia marehemu miaka minane."

Mjomba, hili sikuwahi kulijua, wala mdogo wangu hakulijua. Tulidhani haongei habari za baba kwa sababu ya uchungu. Kumbe alikuwa na hasira naye. Alisema kila alipotuangalia sisi wawili alikuwa anajisemea moyoni, angezima tu ile mashine, angenyoosha tu mkono. Kila ada ya shule, kila siku tuliyoumwa, alikuwa akigombana naye. "Nimemtukana," alisema, "mtu ambaye hawezi kunijibu." Hakulia. Ningependa angelia.

Diski nilimpelekea mkaguzi, akanipa karatasi yenye mhuri. Siku ya tatu nilikuta jina langu limefutwa kwenye orodha ya getini. Mlinzi aliniomba radhi kana kwamba ni yeye aliyelifuta. Msimamizi amesimamishwa, shauri la Mrefu litasikilizwa mwezi wa kumi. Mkurugenzi amejibu kwamba picha zimechezewa kwa sababu zimetoka kwenye kadi isiyonunuliwa na kiwanda. Nitaitwa kueleza kadi ile niliipata wapi. Nitasema nilipewa na mjomba wangu, na wakiniuliza kwa nini alikuwa nayo, nitawaeleza pia. Mke wa Mrefu alikuja nyumbani. Hakushukuru wala hakulaumu, alikaa na Mama sebuleni mpaka mtoto akaamka.

Kuhusu baba, nimemuuliza mkaguzi. Amesema jalada la miaka minane linaweza kufunguliwa kama shahidi wa kwanza atakuja mwenyewe, aape, na abadilishe maneno yake mbele ya afisa. Barua haitoshi. Amesema pia kwamba shahidi huyo anaweza kushtakiwa. Nakuandikia yote mawili usije ukasema sikukwambia.

Mimi sijakusamehe, Mjomba. Ninaandika hivi kwa heshima zote, lakini ndivyo ilivyo. Nikikumbuka jinsi ulivyonieleza mlinzi na milango minane, vizuri namna ile, mpaka mimi nikaelewa mara moja, nawaza kwamba wangekuelewa na wale wa kikao.

Juzi Mama aliomba jembe kwa jirani. Tulikwenda makaburini, sisi watatu, mtoto mgongoni kwa mdogo wangu. Mama alikuwa hajafika pale tangu siku ya mazishi. Ilituchukua muda kupata mahali penyewe, majani yalikuwa kiunoni na kibao kimelala. Alilima yeye, jembe hakutaka kumpa mtu. Alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini, sisi tukasogea pembeni. Alipofika nusu, goti likamshinda. Nikataka nipokee nimalizie, akanikatalia.

Akasema, "Upande huu wa miguuni uacheni hivyo hivyo. Ni wa mdogo wangu. Mwandikie aje aulime kwanza, ndipo aende huko kwa wakubwa akaape."

Lori la huko kwenu nasikia linarudi mjini Alhamisi.

Mpwa wako